Gemu la dagaa: kutoka wazo hadi simu ya mtu mwingine

Wazo la gemu si shida. Kaa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza, utapata matatu kabla hujavuka. Shida ni kulimaliza. Mimi nimetelekeza sita njiani. La saba nililimaliza, na ndilo nitakalolitumia hapa kama mfano.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Iseme mchezaji ni nani, anafanya nini, na nini kinamkwamisha. Yangu ilikuwa hii: "Wewe ni mvuvi wa dagaa, unawasha taa kuwavuta, unatoa wavu kabla mwezi haujapanda." Aliyekulia kando ya ziwa hahitaji maelezo. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi hutoka wakati wa giza na karabai au taa za sola, na mbalamwezi ikikolea wanapumzika. Sheria kuu ya gemu niliikuta tayari ziwani.

Kisichokuwemo kwenye sentensi hiyo, kitoe. Nilitoa mnada, injini za kununua, na kiboko niliyemchora kwa siku mbili nzima. Kiboko aliniuma.

Hatua ya 2: Lichezee mezani kwanza

Wengi wanairuka hatua hii, na hapa ndipo magemu yangu sita yalipokufa. Chukua boksi, chora miraba sita kwa sita. Vizibo vya soda 20 ni dagaa, punje ya mahindi ni mtumbwi wako wenye taa. Kila zamu unachagua: kungoja, dagaa wote wasogee mraba mmoja kuelekea kwenye taa, au kuvuta wavu uwachukue waliokuzunguka na wengine watawanyike. Kila zamu mwezi unapanda hatua moja. Ukifika kumi, usiku umekwisha.

Nilicheza na mtoto wa kaka yangu. Mara ya tatu akaniangalia.

"Baba mdogo, mbona mimi nangoja tu?"

Alikuwa sahihi. Dawa ilikuwa kungoja hadi zamu ya mwisho, kisha kuvuta mara moja. Hakuna cha kuamua, kwa hiyo hakuna gemu. Nikaongeza sheria moja: wavu ukibeba zaidi ya vizibo sita unachanika, unapoteza vyote. Tukaanza upya. Safari hii alihesabu kwa midomo, akasita, akarudisha mkono. Pale nikajua gemu lipo. Marekebisho hayo yalinichukua dakika moja na kalamu. Kwenye kompyuta yangenila wiki.

Na usiogope kwamba ni dogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64 tu, na watu wanazeeka nalo.

Hatua ya 3: Chagua injini

Injini ni programu ya kutengenezea gemu. Mimi natumia Godot. Ni ya bure, ya chanzo huria, haidai sehemu ya mapato yako, na ukishaipakua unafanya kazi bila bando. Ukifungua mradi mpya wa gemu la picha bapa (2D), chagua kichoraji, yaani sehemu ya injini inayochora picha kwenye kioo, kinachoitwa Compatibility. Simu za bei ya chini zinakimudu, na ndizo zilizo mikononi mwa watu wetu.

Hatua ya 4: Jenga kwa maumbo matupu

Mtumbwi uwe mstatili wa kahawia, dagaa wawe vidoa vyeupe. Fuata mpangilio huu: taa, dagaa kusogea, wavu, mwezi, ushindi au hasara, kitufe cha kuanza upya. Usichore chochote kizuri mpaka usiku mmoja uchezeke mwanzo hadi mwisho.

Kitu kimoja cha kiufundi kinachowaponza wanaoanza: kila mwendo uzidishe kwa delta, yaani muda uliopita tangu fremu (picha moja ya kwenye kioo) iliyotangulia. Usipofanya hivyo mwezi utapaa mbio kwenye simu kali na kujikokota kwenye simu iliyochoka. Weka nakala ya kazi nje ya laptopu kila jioni.

Hatua ya 5: Mpe mtu simu, unyamaze

Nililipeleka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, saa sita mchana, jua la utosi. Mama mmoja muuza dagaa akakubali kujaribu. Akaitazama simu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mwanangu, gemu liko wapi? Najiona mwenyewe."

Gemu la usiku nilikuwa nimelitengeneza usiku, chumbani, taa imezimwa. Juani kioo kilikuwa kiza kitupu. Akajifunika khanga kichwani kupata kivuli, akaanza. Kidole gumba chake kikakaa juu ya taa yenyewe, hivyo hakuona dagaa wakisogea. Nilitaka kumwelekeza, nikajing'ata ulimi. Alipomaliza akauliza, "Alama 340 ni ndoo ngapi?"

Nilirudi nyumbani na kazi tatu: kung'arisha maji na kuwazungushia dagaa mstari mweupe, kuhamishia kitufe cha wavu kona ya chini kulia, na kufuta alama niweke ndoo. Kila unapotamani kumwelekeza mchezaji, andika pale pale alipokwama.

Hatua ya 6: Sauti

Fupi: sauti ndogo ziwe faili za WAV, ndefu ziwe za OGG, zilizobanwa, ili gemu lisinenepe. Mawimbi nilirekodi mwenyewe Capri Point alfajiri, kabla ya bodaboda kuamka.

Hatua ya 7: Litoe

Kwa majirani, tuma APK, yaani faili la kusakinisha gemu kwenye simu ya Android, kwa WhatsApp. Faili la ufunguo ulilosainia gemu litunze sehemu mbili. Ukilipoteza, simu za watu zitakataa toleo jipya mpaka wafute la zamani. Kuliweka itch.io, tovuti ya magemu, ni bure. Google Play, duka la programu za Android, inataka dola 25 mara moja, faili la aina ya AAB badala ya APK, na kwa akaunti mpya ya mtu binafsi, wajaribu 12 wasiojitoa kwa siku 14 mfululizo. Andikisha 15. Wangu wawili walijitoa siku ya tisa, simu zao zimejaa video za harusi, nikaanza kuhesabu upya.