Jinsi ya Kufuatilia Mkasa wa Liang Shanbo na Zhu Yingtai Katika Opera, Filamu na Muziki

Anayetaka kuonja sanaa zilizotokana na mkasa huu wa mapenzi wa Uchina hana budi kukijua kisa kwanza, kwa kuwa wasanii wengi waliokishughulikia walijua kwamba hadhira yao imekwisha kukisikia tangu utotoni.

Katika enzi ya Jin ya Mashariki, ukoo uliotawala Uchina karne ya nne, binti Zhu Yingtai anavaa mavazi ya kiume ili akasome Hangzhou, ambako anaishi miaka mitatu na mwanafunzi mwenzake, Liang Shanbo, asiyemtambua. Babaye anamwita nyumbani na kumposesha kwa Ma Wencai. Liang anapoujua ukweli maji yamekwisha kumwagika. Anaugua na kufa. Msafara wa harusi unapofika kaburini, kaburi linapasuka, Yingtai anajitosa ndani, kisha wapenzi hao wanatoka wakiwa vipepeo wawili.

Ukishakijua kisa, chagua onyesho moja ulilinganishe katika kila kazi. Ninapendekeza lile la kuagana njiani, ambamo Yingtai anamwonyesha mwenzake bata dume na jike wanaoogelea pamoja, kisha anamchungulisha kisimani wazione sura zao mbili, na mwishowe anamwahidi kumwoza “dada” yake. Liang haelewi hata kidogo. Mwigizaji hodari huonekana hapa, kwa sababu onyesho lazima lichekeshe huku mtazamaji akijua litakavyoishia.

Anza na opera ya Yue, sanaa ya mkoa wa Zhejiang inayosifika kwa kuigizwa na wanawake pekee, hivi kwamba mwanamke anaigiza binti anayejifanya mwanamume mbele ya mwanamume ambaye naye ni mwanamke. Filamu ya opera hiyo, waliyoicheza Yuan Xuefen na Fan Ruijuan, ndiyo ambayo Zhou Enlai, waziri mkuu wa Uchina, aliwaonyesha wageni mjini Geneva mwaka 1954, akiitambulisha kuwa Romeo na Juliet ya Uchina. Baada yake tazama filamu ya Hong Kong ya mwaka 1963 ya Li Han-hsiang, yenye nyimbo za mtindo wa Huangmei, aina nyingine ya opera ya Kichina, ambamo pia Liang anaigizwa na mwanamke, Ling Po.

Muziki unahitaji utulivu zaidi. Tungo ya fidla na okestra ya He Zhanhao na Chen Gang, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Shanghai mwaka 1959, Yu Lina akiwa mpiga fidla, huchukua takriban dakika 26 bila kukatizwa. Fidla ni Yingtai, selo, ala ya jamii ya fidla iliyo kubwa na yenye sauti nzito zaidi, ni Liang. Ukishika hilo, mazungumzo yao utayafuata bila maelezo. Sikiliza jinsi fidla inavyoteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama erhu, zeze la Kichina la nyuzi mbili, na jinsi ala za shaba zinavyoingia kwa ukali kuwakilisha amri ya baba.

Filamu ya Tsui Hark ya mwaka 1994 iache mwisho, maana mizaha yake ya shuleni humnogea zaidi anayejua ni nini kinachofanyiwa mzaha.