Ukitaka kuwa kocha, usisubiri goti ligome

Mdogo wangu, ukocha uanze ukiwa bado unavaa jezi. Wengi hapa Mtwara husubiri goti ligome ndipo waulize kozi ni lini.

Chukua watoto wa mtaani kwako, iwe Chikongola au Ligula, uwafundishe siku ambazo timu yako haina mazoezi. Filimbi, mipira mitatu na koni. Koni zikikosekana, chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha. Kabla hujatoka nyumbani andika kila zoezi: linafundisha nini, dakika ngapi, watu wangapi. Ukishindwa kuandika linafundisha nini, liache. Na foleni ya kupiga golini mmoja mmoja naichukia: watoto 20, mpira mmoja, kila mtoto anaugusa mara mbili jioni nzima, na kocha katikati anajiona Mourinho! Wagawe wanne kwa wanne, viwanja vidogo.

Matangazo ya kozi za TFF, shirikisho la soka la Tanzania, yafuatilie kwenye chama cha soka cha mkoa. Leseni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanzia D, kisha C, B na A. Ada iwekee akiba msimu wa korosho, hela ikiwepo.

Korosho hiyohiyo itakusumbua. Mwezi wa kumi ukifika, nusu ya kikosi kipo mikoroshoni. Usimfukuze mtu. Eddy Etaeta, aliyeichezea timu ya taifa ya Tahiti, kisiwa cha Pasifiki, kisha akaja kuinoa, naye alikuwa na kikosi cha ridhaa, wachezaji wenye kazi zao nyingine. Mwaka 2012 wakatwaa ubingwa wa Oceania kule Honiara, wakiifunga New Caledonia 1-0. Mwaka 2013 wakaenda Kombe la Mabara, Brazil, wakiwa na mchezaji mmoja tu wa kulipwa, Marama Vahirua. Wakafungwa na Nigeria 6-1, Hispania 10-0, Uruguay 8-0. Vijana wangu hucheka wakisikia. Mimi nawauliza lile goli moja dhidi ya Nigeria lilipatikanaje. Kona, kichwa cha Jonathan Tehau.

Kwa hiyo msimu huo, na hao wachache waliobaki, fanyia kazi mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki. Kona mbili tu, zirudiwe hadi kila mmoja ajue anakimbilia wapi. Anayerudi kutoka shambani aelekezwe nafasi yake pembeni kabla ya mechi, dakika kumi zinatosha.

Kukiwa na mechi uwanja wa Nangwanda Sijaona, kaa upande wa goli uangalie kwenye kona nani anamkaba nani. Mpira wenyewe waachie watazamaji.