Pima ulalo wa chumba kabla ya kuondoka

Unapokwenda kupima chumba kwa ajili ya mradi wa usanifu wa ndani, usiishie kwenye kuta nne. Pima pia mistari miwili ya ulalo, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Ikiwa kuta zinazotazamana zinalingana kwa urefu na mistari hiyo miwili pia inalingana, pembe zote ni za nyuzi 90. Isipolingana, chumba kimekwenda upande, na vipimo vya kuta pekee haviwezi kukufichulia jambo hilo, kwa sababu umbo la pande nne huweza kulala bila urefu wa pande zake kubadilika, ilhali pembetatu yenye pande tatu zinazojulikana haina namna nyingine ya kukaa. Ulalo mmoja hukupa pembetatu mbili, nawe utazichora kwa bikari bila kubahatisha. Ulalo wa pili ni wa kuhakiki, na mimi siuachi kamwe. Njia hii hushindwa pale samani zinapozuia utepe kunyooka, wala haitambui ukuta ulioinama: huo upimwe tena karibu na dari.