Cheti cha nguo za kulalia za watoto Marekani: hatua kwa hatua kwa fundi mdogo

Nilishona vijoho 24 vya kitenge vya watoto, vya kuvaa baada ya kuoga jioni, nikavipeleka kwenye duka moja la nguo huku Ohio. Mwenye duka alishika kimoja, akakigeuza nje ndani, akatafuta lebo shingoni. Kisha akauliza: "Cheti chake kiko wapi?" Nikamwambia nitakileta wiki ijayo. Nilidhani ni jambo la kwenda ofisi fulani, kujaza fomu, kulipa na kugongewa muhuri.

Ofisi hiyo haipo. Cheti cha bidhaa ya watoto, ambacho huku kila mtu anakiita CPC, unakiandika mwenyewe, na jina linalobeba mzigo ni lako. Serikali haikupi cheti, inakudai. Ukishaelewa hilo, hatua nyingine zote zinakaa mahali pake, kwa sababu kila moja ni maandalizi ya kuweza kuandika karatasi ile bila kusema uongo.

Anayesimamia haya ni Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC. Sheria mama ni ile ya vitambaa vinavyoshika moto, ya mwaka 1953. Kanuni za nguo za kulalia ni mbili: namba 1615 kwa saizi 0 hadi 6X, na 1616 kwa saizi 7 hadi 14. Zote mbili zinapatikana bure mtandaoni kwenye juzuu la 16 la kanuni za serikali kuu. Zisome. Kiingereza chake kinachosha, lakini huwezi kuweka sahihi yako chini ya kitu usichokisoma.

Hatua ya kwanza: jua kama nguo yako ni ya kulalia

Usiseme tu "hili ni gauni la kawaida". Tume inaangalia mambo matatu: nguo yenyewe inafaa kulalia au la, umeitangaza na kuiuza vipi, na je, kuna uwezekano mkubwa mtoto akalala nayo. Pajama, gauni la kulalia na joho vimetajwa waziwazi. Hata nguo za kujipumzishia nyumbani zinaweza kuingia. Ukipiga picha mtoto kakaa kitandani na mdoli wake, umeshajijibu. Kanzu ya Idi si nguo ya kulalia, lakini kanzu hiyo hiyo ukiitangaza kuwa "nzuri kwa usingizi wa mtoto" umeihamisha kundi kwa maneno yako mwenyewe. Nepi na nguo za ndani zimeachwa nje ya kanuni hizi.

Hatua ya pili: chagua njia

Hapa ndipo mafundi wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni ya vichanga: saizi isiyozidi miezi 9. Nguo ya kipande kimoja isizidi urefu wa sentimita 64.8. Ikiwa ni vipande viwili, kila kimoja kisizidi sentimita 40. Nguo hiyo haibanwi na jaribio kali la moto, inabanwa na kanuni ya kawaida ya nguo zote, namba 1610.

Ya pili ni nguo ya kubana mwili. Tangu mabadiliko yaliyotangazwa mwaka 1996, pajama ya pamba inaruhusiwa hata kama kitambaa chake kinaungua, mradi imebana. Nguo inayopwaya ina hewa chini yake na pindo zake hufika kwenye moto kabla mtoto hajajua, wakati iliyobana haipati nafasi hiyo. Kanuni ina jedwali la vipimo vya juu kabisa kwa kila saizi: kifua, kiuno, makalio, mkono wa juu, paja, kifundo cha mkono na cha mguu. Kwa saizi ya miezi 9 hadi 12, kwa mfano, mzunguko wa kifua usizidi sentimita 48.3. Unailaza nguo mezani bila kuivuta, unapima kwapa hadi kwapa, unazidisha mara mbili. Mikono na miguu lazima ipungue upana kuelekea chini, na pambo lolote, iwe lesi au utepe, lisichomoze zaidi ya milimita 6 kutoka liliposhonewa.

Sasa jaribu kushona hilo kwa kitenge. Kitenge hakivutiki. Ukikibana kwa vipimo vile, kichwa cha mtoto hakipiti shingoni na mguu haupiti. Ndiyo maana pajama za kubana unazoziona madukani ni za kitambaa cha kuvutika kama cha fulana. Na joho ndiyo kabisa: joho lililobana si joho tena.

Njia ya tatu ni kitambaa kinachofaulu jaribio la moto. Wanakata vipande vitano, kila kimoja upana wa sentimita 8.9 na urefu wa 25.4. Vinakaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa nusu saa, vinapozwa pasipo unyevu, kisha kimoja kimoja kinaning'inizwa wima ndani ya kabati. Mwali mdogo wa gesi unaguswa kwenye ukingo wa chini kwa sekunde 3 tu, kisha unaondolewa. Wanapima sehemu iliyoungua. Wastani wa vitano usizidi sentimita 17.8, na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kuungua chote. Kitambaa kinapimwa kikiwa kipya, na tena baada ya kufuliwa na kukaushwa mara 50. Mishono na mapambo navyo hupimwa. Poliesta iliyofaulu peke yake inaweza kufelishwa na lesi ya pamba uliyoizungushia pindo.

Mimi nilipeleka kitenge. Maabara ilinirudishia picha: fremu tano za chuma, na ndani yake hakuna kitu isipokuwa majivu na nyuzi mbili tatu juu kabisa. Sekunde tatu. Vile vijoho 24 nilivifumua nikashona foronya.

Kuhusu dawa za kuzuia moto: zipo, lakini uwe na tahadhari. Mwaka 1977 wanasayansi Arlene Blum na Bruce Ames walionyesha kwamba Tris, dawa iliyokuwa ikitiwa kwenye pajama za watoto, hubadilisha vinasaba, na mwaka huo huo tume ikapiga marufuku nguo zilizotiwa dawa hiyo. Kwa fundi mdogo, ushauri wangu ni poliesta isiyohitaji dawa, au kitambaa cha kuvutika kilichobana. Usijaribu kuloweka dawa jikoni kwako.

Hatua ya tatu: jisajili kama mzalishaji mdogo

Hili ndilo ombi pekee la kweli katika safari yote. Ukiwa umetengeneza bidhaa zisizozidi 7,500 za aina moja mwaka uliopita, na mapato yako yote ya bidhaa za walaji hayakupita kiwango kilichowekwa (kilianza dola milioni 1, na hupandishwa kufuata mfumuko wa bei), unastahili. Unaingia tovuti ya saferproducts.gov, sehemu ya wafanyabiashara, unafungua akaunti, unajaza jina la biashara, anwani, aina za bidhaa, kisha unathibitisha mauzo yako. Hulipi chochote. Unapewa namba.

Namba hiyo inakupunguzia ulazima wa kutumia maabara ya nje iliyokubaliwa na tume kwa baadhi ya kanuni, zikiwemo hizi za nguo za kulalia. Haikuondolei kanuni yenyewe: nguo bado lazima ifaulu na bado uwe na ushahidi wa kufaulu. Tena yapo mambo ambayo hata mwenye namba lazima apeleke maabara, kama vipande vidogo vinavyoweza kumezwa na watoto chini ya miaka 3, na madini ya risasi kwenye rangi ya juu. Vifungo vilivyopakwa rangi uvikumbuke hapo.

Hatua ya nne: maabara

Tume ina orodha ya maabara mtandaoni, unaichuja kwa namba ya kanuni na kwa nchi. Omba bei kwa maabara mbili tatu kabla ya kutuma. Waambie saizi, umri, aina ya kitambaa na njia uliyoichagua, la sivyo watakupimia na kukutoza vitu usivyohitaji. Risasi isizidi sehemu 100 katika milioni kwenye sehemu anazozifikia mtoto. Pamba na nyuzi nyingine zilizotiwa rangi ya kawaida zimesamehewa kipimo hicho, lakini picha zilizochapwa juu ya kitambaa hazimo kwenye msamaha. Kwa watoto wa miaka 3 kushuka chini, nguo ya kulalia inahesabiwa kifaa cha malezi, kwa hiyo sehemu za plastiki hupimwa pia thalati, zile kemikali za kulainishia plastiki.

Kwa njia ya kubana na ya vichanga, kanuni 1610 ina nafuu: kitambaa cha uso laini, kisicho na manyoya, chenye uzito wa gramu 88.2 au zaidi kwa mita ya mraba hakihitaji kupimwa. Kipime kwenye mizani ya jikoni uandike uzito.

Hatua ya tano: lebo

Nguo ya kubana lazima iwe na lebo ya kudumu shingoni yenye maneno haya haya, kwa herufi kubwa: WEAR SNUG-FITTING, NOT FLAME RESISTANT. Usiyatafsiri, usiyapunguze. Na iwe na tagi ya kuning'inia ya rangi ya njano, maandishi meusi, inayosema: For child's safety, garment should fit snugly. This garment is not flame resistant. Loose-fitting garment is more likely to catch fire.

Zaidi ya hapo, kila nguo ibebe alama ya kufuatilia: nani kaishona, wapi, lini, na fungu gani. Aina ya nyuzi, nchi ilikotengenezwa na namna ya kufua ni za mamlaka nyingine, Tume ya Biashara, ila lebo moja inaweza kubeba vyote.

Hatua ya sita: andika cheti

Karatasi moja inatosha. Iwe na mambo saba: maelezo ya bidhaa; kila kanuni uliyoifuata kwa namba yake; jina, anwani na simu ya mzalishaji wa ndani au mwagizaji; anayetunza rekodi za vipimo; mwezi, mwaka na mahali pa kutengenezwa; tarehe na mahali pa kupimwa; na maabara iliyopima, au namba yako ya mzalishaji mdogo pale inaporuhusiwa. Mpe nakala kila mwenye duka anayenunua kwako.

Kama nguo zinashonwa Dar es Salaam au Mombasa na ndugu yako anazipokea huku, anayetoa cheti ni yeye mwagizaji, si fundi aliyeko nyumbani. Mwambie mapema, maana kwa kanuni iliyochapishwa Januari 2025 taarifa za cheti zinatakiwa kutumwa forodhani kwa njia ya kielektroniki kuanzia Julai 8, 2026, hata kwa kifurushi kidogo.

Rekodi za vipimo zitunze miaka 5. Mimi naweka na kipande cha kitambaa cha kila fungu kwenye bahasha, tarehe juu yake. Ukibadilisha kitambaa, uzi au kifungo, vipimo vya zamani havikufai kwa fungu jipya. Ukigundua nguo uliyokwisha kuuza ina kasoro ya moto, unatakiwa kuiarifu tume ndani ya saa 24. Ukikwama, tume ina ofisi ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo, na hujibu barua pepe bila malipo. Mimi niliuliza mara tatu kuhusu mkono wa pajama moja.

Na ile namba ya mzalishaji mdogo inakufa kila Desemba 31. Januari unajisajili upya kwa mauzo ya mwaka uliopita.