Kuhesabu mishipa midogo ya damu kwenye tezi dume kwa CD34

Juzi kaja mdogo wangu mmoja kutoka Chake Chake na boksi la bloku (vipande vya nyama vilivyogandishwa kwenye nta) za saratani ya tezi dume, za utafiti wake, anataka kuhesabu mishipa kwa CD34, yaani protini iliyo kwenye seli za ukuta wa mishipa, tunayoitia rangi kwa antibodi (protini inayoishika hiyo tu). Nikaona bora niandike, maana naulizwa hilo hilo kila mara.

1. Kata vipande vya maikroni 3 au 4, weka kwenye slaidi zenye chaji (ya umeme, ndiyo inayokishika kipande kisibanduke). Zenye chaji, jamani.

2. Toa nta kwa zailini, shuka na alkoholi mpaka maji. Hii mnaijua.

3. Kuchemsha. Fomalini inazifunga protini, antibodi haipati pa kushika, ndo mana lazma uchemshe kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH), mie natumia Tris-EDTA ya pH 9. Wengi wanapenda maikrowevu, mie siitaki hata ya bure. Siku moja umeme ulikatika katikati, uliporudi nikaongeza dakika kwa kukisia tu, bafa ikakauka mpaka slaidi zikatoa vichwa nje, na slaidi zenyewe za kawaida, basi kufunua nakuta vipande vinaelea juu kama majani ya chai. Siku nzima imekwenda! Skuizi natumia presha kuka ya jikoni juu ya jiko la gesi, dakika 3 tangu ishike presha, halafu nazima, natoa presha, naziacha slaidi humo humo kwenye bafa dakika 20 zipoe. Usizitoe za moto, zikipigwa na upepo zinakauka na kipande kikikauka hapo kimeharibika, rangi itashika kila mahali.

4. Peroksaidi 3% (inazima vimeng'enya vya nyama yenyewe), antibodi, DAB (rangi ya kahawia), hematoksilini (rangi ya buluu ya viini vya seli), fuata karatasi ya maelekezo inayokuja na boksi la dawa. Slaidi moja iache bila antibodi ya kwanza (ile ya CD34), iwe ya kulinganishia. DAB usimwage kwenye sinki, ni sumu.

5. Kuhesabu. Njia ni ya Weidner na wenzake, walianza na saratani ya titi 1991, tezi dume wakaifata 1993. Kwa lenzi ndogo tafuta palipojaa mishipa zaidi, kisha panda mpaka x200. Seli ya kahawia iliyojitenga ni moja, hata kama haina tundu. Ila CD34 inashika na seli nyembamba za stroma (nyama ya kushikilia tezi) ambazo si mishipa, na ukikimbilia CD31, alama nyingine ya mishipa, nayo inashika makrofaji (seli za kinga), kwa hiyo hakuna ya kukuokoa na macho yako. Hesabuni wawili, kila mtu kivyake. Siye sehemu ile ile mdogo wangu kapata 61, mie 44. Kumbe zile nyembamba zote kazitia ndani.