Mdoli wa zamani umeharibika? Namna ya kuutengeneza bila kuumaliza kabisa

Jamani kabla ya yote weka chini hiyo supaglu. Na dawa ya kutoa rangi ya kucha, na jiki, na spiriti, vyote sogeza huko. Midoli mingi ya zamani ninayoletewa hapa Mbeya ilikuwa inaendelea vizuri tu na uzee wake mpaka siku mtu alipoamua kuisafisha. Asetoni inayeyusha plastiki ngumu palepale unaangalia, supaglu inaacha ukungu mweupe kuzunguka ufa na haitoki tena. Kwahiyo anza na kujua mdoli wako umetengenezwa na nini, ukishajua hilo nusu ya maswali yameisha.

Utajuaje? Shika, bonyeza, nusa. Ukibonyeza kichwa kikaingia ndani alafu kikarudi, hiyo ni vinaili, plastiki laini iliyoingia kwa nguvu kuanzia miaka ya 1950 na mpaka leo ipo, ndo midoli mingi tunayoikuta kwenye mabelo ya mitumba pale soko la Mwanjelwa. Kichwa hakibonyei na ukikigonga kwa kucha kinalia kama sahani ya plastiki, hiyo ni plastiki ngumu, hasa ya mwisho wa miaka ya 1940 na miaka ya 50. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, ganda jembamba, na ukisugua kwa kidole mpaka papate joto unasikia harufu ya kafuri, hiyo ni seluloidi, nayo inashika moto vibaya sana, kwahiyo ule mtindo wa kuchoma sindano moto na kuugusa nayo ili ujue ni plastiki gani usije ukaujaribu. Mzito, wa baridi mkononi, uso hauna mng'ao, hiyo ni kauri. Na kuna ile ambayo uso una nyufa ndogondogo nyingi, ukigonga inajibu kimbaombao, hiyo ni unga wa mbao uliokandwa na gundi, wenyewe wanaiita komposisheni, ndo ilikuwa kila mahali kabla plastiki haijachukua nafasi.

Angalia pia nyuma ya shingo na mgongoni, chini ya nywele. Maandishi ya nchi ilikotoka yalianza kuwekwa kwa lazima kwenye bidhaa zinazoingia Marekani kutokana na sheria yao ya ushuru ya 1890, kwahiyo mdoli wa kauri wenye neno Germany kwa kawaida ni wa 1891 kuja mbele. Ila usidanganywe na mwaka uliochapwa. Barbie zenye 1966 mgongoni zimeendelea kutengenezwa miaka mingi sana baada ya hapo, ule ni mwaka wa haki miliki ya mwili, kwahiyo mtu akikuuzia kwa bei ya mdoli wa 1966 muulize maswali kwanza. Na msishangae kukuta mdoli wa Ulaya kwenye kasha la bibi huku kwetu, Wajerumani wa misheni walifika Rungwe 1891, walowezi wa chai walikaa Mufindi, Wapolandi wakimbizi wa vita waliwekwa Ifunda na Kidugala, wote hao walikuwa na watoto.

Sasa usafi. Vinaili na plastiki ngumu zinakubali maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, tumia mswaki laini, lakini usiuzamishe mdoli mzima, maana maji yakiingia kwenye macho kuna vyuma vya ndani vinaota kutu, na kama una kile kidude cha kulia mama tumboni basi umekiua. Rangi ya mashavu, nyusi na mdomo usipasugue, pitia pembeni tu. Komposisheni maji ni adui, unatumia kijiti cha pamba kilicholowa kidogo sana, unakizungusha badala ya kusugua, kikichafuka unatupa unachukua kingine, na unajaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwapani au chini ya unyayo. Msicheke, lakini watu wa makumbusho wanatumia mate kwa kazi hii, yana vimeng'enya vinavyoachanisha uchafu. Ila pamba iliyokwisha kugusa mdoli usiirudishe mdomoni, rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na hayo ni sumu.

Wino wa kalamu kwenye vinaili unatoka na dawa ya chunusi, ile krimu yenye benzoili peroksaidi, iko maduka ya dawa. Paka juu ya doa peke yake, funika na kipande cha nailoni, weka dirishani jua lipige, jua letu la huku juu ni kali hata kama hewa ni ya baridi. Angalia kila jioni, paka tena, doa linafifia taratibu. Inapausha, kwahiyo isiguse mdomo wala nyusi. Hii hii inasaidia kwenye lile kijani linalotokea masikioni pale hereni za shaba zilipokaa miaka. Kama vinaili yenyewe inanata mkononi hiyo haina tiba, ni kile kilainishi cha ndani kinatoka nje, unaosha, unafuta, unapaka poda, na itarudi tena.

Lastiki iliyokatika ndo ugonjwa namba moja na ndo rahisi kuliko yote ukielewa njia yake. Mdoli wa viungo vitano, yaani kichwa, mikono miwili na miguu miwili, una mizunguko miwili ndani. Mmoja unashika ndoano ya kichwa unashuka mpaka ndoano za miguu yote miwili, mwingine unatoka mkono huu unapita kifuani mpaka mkono wa pili. Nunua lastiki ya duara, ile nene kwenye maduka ya vifaa vya kushonea, usitumie tyubu ya baiskeli hata kama fundi wa jirani anakupa bure, inaoza na inaacha weusi. Kata, funga fundo, alafu lifunge tena na uzi mkali juu yake lisiteleze. Mzunguko ukiulaza juu ya kiwiliwili bila kuuvuta unatakiwa uishie kabla ya kufika mapajani, ukifika chini ni mrefu, mdoli utasimama umelegea kama mlevi.

Anza na miguu na kichwa. Nasa miguu, pitisha lastiki juu na waya uliokunjwa ndoano mpaka itokeze shingoni, hapo ingiza penseli katikati ya kitanzi ilale juu ya tundu la shingo, sasa hata ukipiga chafya hairudi ndani. Ukiwa tayari, mtu wa pili ashike kiwiliwili, wewe shika kichwa, vuta kitanzi na plaizi, tia ndoano ya kichwa, ondoa penseli, achia taratibu. Kichwa cha kauri kikiachiwa ghafla kinagonga shingo na kupata ufa, weka taulo mezani na kitambaa shingoni. Mikono ndo ya mwisho, na lastiki yake ipite katikati ya zile nyuzi mbili za miguu. Ukiinua mkono ukabaki ulipouacha, inatosha, usikaze zaidi.

Macho ya kulala, yale yanayofumba mdoli ukilazwa, yakikwama usiyasukume kwa kidole. Laza mdoli kifudifudi, tikisa kidogo, mara nyingi ni vumbi tu. Kwa plastiki ngumu, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pembe ya kila jicho linasaidia, na linaondoa ule ukungu kwenye mboni kwa muda. Komposisheni na kauri usitie mafuta. Kale kazito kanakofanya jicho lifumbe kwa kawaida ni risasi, nawa mikono, na watoto wasikachezee.

Vidole vilivyovunjika vya komposisheni ndo kazi ninayoipenda. Unga wa mbao mzuri unatoka Mafinga, kule mbao za Sao Hill zinapasuliwa kila siku, ila hata selemala wa mtaani kwako anao, chekecha kwa kitambaa cha soksi upate ule laini kabisa. Changanya na gundi nyeupe ya mbao mpaka iwe ya kukandika. Toboa tundu dogo kwenye kisiki cha kidole, chomeka waya mwembamba kwa gundi, kunja ufuate kidole cha mkono mwingine, alafu kandika tabaka jembamba, acha likauke kabisa, weka lingine. Hapa ndo watu wa Mbeya, Njombe na Makete tunafeli. Tuko juu, mji wa Mbeya ni kama mita 1,700, mwezi wa sita na wa saba usiku unakuwa baridi kweli, gundi iliyoandikwa masaa 24 inaweza kuchukua siku tatu, na ukiwa Tukuyu ambako mvua haiishi ndo kabisa. Usisogeze kwenye jiko la mkaa, tabaka la juu linakauka ndani kubichi, linapasuka. Subiri tu. Ikikauka ipige msasa laini ukiwa umevaa barakoa.

Ganda la rangi lililoinuka usilibandue. Zimua gundi ya mbao na maji kidogo, ingiza chini yake kwa ncha ya sindano, bonyeza na kidole juu ya kipande cha nailoni mpaka ishike.

Rangi paka pale ulipotengeneza tu. Rangi za akriliki zikikauka zinakuwa nyeusi zaidi ya ulivyoiona mbichi, kwahiyo jaribu kwenye karatasi, ikauke, ndo ulinganishe. Ngozi ya mdoli wa zamani ina unjano ndani, pinki ya dukani peke yake itaonekana kiraka. Na nyufa ndogo za usoni ziache. Kuna mama alileta wa kwake kutoka Tukuyu, akaniambia, "Mwanangu, huyu mpake uso wote awe mpya." Nikamjibu, "Mama, nikimpaka uso wote atakuwa mdoli mwingine." Akauangalia sana, akasema, "Basi achana nao, ndo sura ninayoijua."

Nywele nitasema kwa kifupi, maana dada zetu wa saluni wanajua kuliko mimi. Za nailoni unaosha na kondishona, unachana kuanzia chini kupanda juu, unazungushia kwenye mirija unamwagia maji ya moto yasiyochemka, ni yaleyale mnayofanyia ncha za rasta. Nywele za manyoya ya mbuzi, zile za midoli ya zamani zaidi, usiziguse na maji ya moto.

Mwili wa kitambaa ulioishiwa, fumua mshono wa mgongoni tu, ujaze sufi au unga wa mbao ule ule uliokuwemo, sponji ya godoro inasagika baada ya miaka michache. Nguo zenye nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo, zifunge vizuri uziweke kwenye friza wiki mbili, nguo tu, mdoli wenyewe usigandishwe.

Ukimaliza, ufunge kwenye kitambaa cha pamba kisicho na rangi, uweke kwenye boksi kabatini, mbali na ukuta wa nje maana kuta zetu msimu wa mvua zinatoka jasho. Usitie naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini, kwenye plastiki, inailainisha. Wenye macho ya kulala ulale kifudifudi. Ukisikia harufu ya siki kwenye mdoli wa plastiki ngumu utenge na mingine siku hiyohiyo, plastiki yake imeanza kuoza na mvuke wake unaambukiza jirani.