Kuiandaa detekta ya metali kwa udongo mwekundu wa Uganda

Wekundu wa udongo wetu unatokana na oksaidi za chuma, na chuma hicho ndicho detekta inachokisikia kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana mashine yenye mipangilio ya kiwandani hulia ovyo shambani hata pasipokuwa na kitu. Wengi wanaotafuta mabaki ya zamani huijibu kwa kupandisha usikivu hadi mwisho, wakitumaini kufika chini zaidi. Wanachopata ni makelele, na sarafu iliyopo hapo chini inapotea ndani yake.

Suala la ardhi limalizwe kwanza. Mabaki ya kale yanalindwa na sheria, kwa hiyo ngome ya mpelelezi Samuel Baker huko Patiko, Dufile alikokaa gavana Emin Pasha, na mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi si mahali pa kupita na detekta bila kibali cha idara ya makumbusho. Kwingineko, omba ruhusa ya mwenye shamba. Katika Buganda hao wanaweza kuwa wawili: mwenye mailo (mmiliki wa hati) na mwenye kibanja (anayekaa na kulima hapo), ongea na wote. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye ajue, maana mgeni anayechimba mashimo hudhaniwa upesi kuwa anatafuta dhahabu.

Kuiunga mashine si kazi ngumu, ila kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni waya wa koili (sahani ya chini inayohisi metali) unaoning'inia: uzungushe kwenye fimbo ukiwa umebana, uache ulegevu kidogo tu pale koili inapokunja, la sivyo utatoa milio ya uongo kila unapofagia. La pili ni kupoteza bolti ya plastiki na kuweka ya chuma kutoka duka la spea. Detekta itaisikia hiyo bolti siku nzima. Rekebisha fimbo mpaka koili ilale sambamba na ardhi mkono wako ukiwa umenyooka, bila kuinama. Betri za kuchaji za AA zina volti 1.2, si 1.5, kwa hiyo kipimo kikionyesha zimepungua mapema usishtuke. Simu iwekwe hali ya ndege, isiivuruge mashine.

Kwa udongo huu chagua koili ya DD. Inahisi kwa ukanda mwembamba katikati yake, hivyo inaona udongo kidogo kwa wakati mmoja kuliko koili ya mviringo wa kawaida. Ya sentimita 28 inatosha shamba lililo wazi. Kwenye boma la zamani lenye misumari ya mabati kila hatua, tumia ndogo ya sentimita 15 hadi 20.

Sasa kusawazisha udongo, yaani kuifanya mashine ipuuze madini ya udongo, na hapa usiharakishe. Tafuta sehemu isiyo na metali: fagia kwanza, ukisikia mlio sogea. Inua koili hadi sentimita 30, ishushe hadi sentimita 3, inua tena, ukisikiliza. Kwenye mashine nyingi za kurekebisha kwa mkono, mlio ukiongezeka koili inaposhuka, punguza namba ya usawazishaji; ukiongezeka inapopanda, ongeza. Endelea mpaka sauti isibadilike, au iongezeke kidogo sana inaposhuka. Rudia kila udongo unapobadilika: kutoka mlima kwenda bondeni, kutoka shamba la mihogo kuingia njia ya maramu, ile changarawe nyekundu ya barabara. Rudia pia baada ya mvua. Maramu yenyewe mara nyingi haisawaziki kabisa kwa detekta za VLF (aina ya kawaida, ya masafa ya chini sana), kwa sababu baadhi ya madini yake yanachelewa kuachia sumaku. Mashine za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipigo vifupi, huvumilia zaidi, lakini hazitofautishi vizuri msumari na shaba, na kwa mtafuta mabaki hilo ni pigo kubwa.

Ukishasawazisha, anza usikivu katikati, panda hatua moja moja mpaka milio ya ovyo ianze, kisha rudi hatua mbili. Kelele zikiendelea usikivu ukiwa chini, chanzo huenda ni waya wa umeme. Badilisha chaneli ya masafa au uondoke chini ya nguzo.

Uchujaji, yaani kuzima milio ya metali usizozitaka, uwe mdogo. Mtafuta dhahabu anaweza kuzima chuma, wewe huwezi: vichwa vya mikuki, majembe yaliyofuliwa na wahunzi na vipuri vya reli ni chuma. Tena, ukizima chuma, msumari uliolala karibu na sarafu huimeza sarafu. Afadhali chuma kipewe mlio mzito, nawe uamue kwa sikio, ukiwa na vipokea sauti.

Zika vitu vya kujaribia kwa sentimita 10 na 15: msumari, kizibo cha soda, ganda la risasi lililokwisha kutumika, na sarafu ya shaba isiyoshika sumaku. Senti za zamani za Afrika Mashariki zenye tundu ni kipimo kizuri ukizipata. Kizibo kitakudanganya kuliko vyote, kwa kuwa kwenye skrini hutoa namba ya juu kama sarafu. Vuta koili nyuma polepole mpaka ncha ya mbele iache kitu. Mlio wa kizibo huvunjika na kuguna kama chuma, wa sarafu hufifia tu.

Unapofagia, weka koili sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, usiinue mwishoni mwa mkono, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Baada ya mavuno, mvua ikiwa imelainisha udongo, ndio wakati mzuri. Radi ikikaribia, acha kazi.

Kata donge la majani upande mmoja libaki limeshikilia, chimba pembeni mwa mlio, si juu yake. Kaskazini na West Nile, kitu kizito cha mviringo chenye mapezi au kutu nene huenda ni bomu: kiache kilipo, weka alama kwa mbali, ita polisi. Ukikuta vigae vya vyungu, mifupa au shanga pamoja na metali, simama hapohapo: usitoe kitu zaidi, piga picha, andika kina na mahali, kisha toa taarifa Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, Kampala.